Raundi ya Tisa, Kansas City

Kwa miaka kumi na minane Enoch Gaddis alinyolewa ndevu kila Jumamosi katika duka la kinyozi la Cleophus Bynum, Mtaa wa State, Chicago. Ukutani palikuwa na picha ya Enoch ya mwaka 1913, kifua wazi na ngumi mbele. Ubishi wa mabondia ukizuka pale, na ulizuka kila juma, neno la mwisho lilikuwa lake. Hakuna aliyempinga. Ungempinga vipi mtu aliyekula ngumi zenyewe ulingoni?

Jumamosi hiyo ya Julai 1935 ubishi ulianza asubuhi. Mwezi uliotangulia Joe Louis alikuwa amemmaliza lile jitu la Kiitaliano, Carnera, na South Side nzima, mitaa ya watu weusi, ilikuwa bado inatembea kifua mbele.

"Mleteni Jack Johnson na ujana wake wote," alisema Roscoe Pinkard, mfanyakazi wa machinjioni ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Joe anamkalisha raundi ya tano."

"Johnson anachukua ubingwa wewe ulikuwa unanyonya," Bynum akamjibu huku akimpaka Enoch povu upande mmoja wa uso. "Nyamaza, nisije nikakukata sikio."

"Haya, nilikuwa nanyonya. Mzee Gaddis alikuwa mtu mzima. Mzee, hebu waambie."

Enoch hakuharakisha. Alipenda kusubiri mpaka watu wote wanyamaze.

"Johnson alikuwa hagusiki. Unamrushia konde, analipokea kama anayepokea kofia yako mlangoni, huku anapiga soga na mkeo aliyekaa kiti cha mbele." Wakacheka. "Lakini aliyetutisha sisi ni Sam Langford. Mfupi, mabega mapana kama mlango wa ghala. Johnson alipambana naye mara moja, mji wa Chelsea, mwaka 1906. Alipopata mkanda, hakutaka tena kukutana naye ulingoni. Jiulizeni kwa nini."

"Kwa hiyo Langford ndiye mkubwa?"

"Mara hiyo moja Johnson alishinda," ilisema sauti kutoka mlangoni. "Raundi kumi na tano. Na si mwenye kushinda ndiye mkubwa? Au siyo, Enoch?"

Aliyesimama pale alikuwa mtu mrefu mwenye suti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri. Alivua kofia. Jicho lake la kulia lilikuwa jeusi, lenye uhai. La kushoto lilikuwa limefunikwa na utando mweupe.

Enoch akageuka kwenye kiti cha kinyozi. "Lemuel," alisema.

Walikuwa wamepigana mara sita, Enoch Gaddis na Lemuel Tarver. Haikuwa kwa kupenda. Miaka ile mabondia weupe waliwakwepa weusi, kwa hiyo weusi walirudi kupigana wao kwa wao, mji huu na mji ule, mpaka mtu akamjua mpinzani wake kuliko anavyomjua ndugu yake. Lemuel alishinda mapambano matatu, Enoch mawili. La sita, Kansas City, Enoch alimzimisha raundi ya tisa, na Lemuel hakupanda tena ulingoni. Sifa zote alizokula Enoch baada ya hapo zilitoka katika raundi ile moja.

"Tarver mwenyewe?" Roscoe aliruka kutoka kitini. "Yule wa Kansas City?"

"Ndiye mimi. Nimekuja harusi ya binti ya dada yangu. Nikasikia kuna mahali Enoch Gaddis anahukumu nani mkubwa na nani mdogo, nikasema nipite nisikilize."

"Basi Mungu atupe nini tena! Wote wawili mpo! Wazee, tuonyesheni ile raundi. Polepole tu, kwa mikono mitupu."

"Acha upuuzi," Enoch alisema.

"Kwani kuna ubaya gani?" Lemuel alikuwa tayari anavua koti. Alilikunja, akalilaza juu ya kiti. "Na mimi ningependa kuiona. Siku ile sikuiona vizuri."

Watu wakacheka, viti vikasukumwa ukutani. Enoch hakucheka. Alitazama mlango, akapima hatua. Ziko nne. Lakini mtu gani anayekimbia utani? Akasimama, akainua mikono.

Lemuel alikuwa na miaka hamsini na mbili, ila miguu yake haikujua hivyo. Aliteleza kulia, akagusa shavu la Enoch kwa vidole, akarudi.

"Raundi ya kwanza mpaka ya tatu, mkono wangu wa kushoto. Nasema kweli au naongopa?"

"Kweli."

"Ya sita nilikukalisha chini."

"Ulinikalisha."

Roscoe alikunja uso. Habari hiyo hakuwahi kuisikia.

"Ya nane nilikuwa mbele kwa pointi, na wewe unapumua kwa mdomo. Kengele ikalia. Ya tisa." Lemuel alisogea karibu. "Hapa ndipo kumbukumbu yangu inapokatika. Nisaidie, Enoch. Ulinikumbatia, si ndiyo?"

Enoch akamkumbatia, kama bondia aliyechoka anavyomning'inia mwenzake. Shavu kwa shavu. Alisikia pumzi ya Lemuel sikioni, kisha maneno, ya chini kabisa, yake peke yake.

"Ukitaka, waambie ilikuwa konde la kulia. Keshokutwa naondoka. Sitasema kitu."

Bynum aliushika wembe hewani. Enoch akafikiria jinsi ilivyokuwa rahisi. Angemsukuma, angezungusha konde la kulia polepole, Roscoe angepiga kelele, Bynum angetoa vinywaji. Miaka ishirini na miwili alikuwa amefanya hivyo hivyo. Mkono wenyewe uliijua njia.

Aliuinua mkono wa kulia. Haukufunga ngumi. Akaufungua, akaweka kidole gumba kwenye pembe ya jicho jeupe la Lemuel, taratibu, akakiacha hapo.

"Hivi," alisema. "Nilifanya hivi. Nikakizungusha. Alipoinua mikono kujishika uso ndipo nikampiga."

"Refa hakuona?" aliuliza mmoja.

"Refa nilimweka mgongoni kwangu makusudi. Meneja wangu aliniambia kwenye kona: kidole, Enoch, la sivyo tumekwisha. Lakini kidole ni changu. Meneja hakukitia yeye."

"Mzee," Roscoe alisema. Akaketi.

Enoch alishusha mikono yote miwili, akasimama wazi. Alimwona Lemuel akirudi nusu hatua na mguu wa nyuma ukijikita sakafuni, akajua kinachokuja, kwa sababu alikuwa amekiona mara nyingi. Hakujikinga.

Konde lilimwingia chini ya mbavu. Enoch alipiga magoti kwenye nywele zilizokatwa, hewa imemtoka, macho yanamtiririka. Watu wawili waliinuka kumshika Lemuel. Bynum akawazuia kwa mkono.

"Mwacheni," alisema.

Ilimchukua Enoch muda kupata pumzi. Alipoipata hakusimama. Aliongea akiwa pale pale chini.

"Mmekuwa mkiniuliza nani alikuwa mkubwa, na mimi nawajibu. Johnson na Langford nilikaa nikawatazama tu. Huyu nilipigana naye mara sita. Kwa ngumi za haki sikuwa na cha kumfanya ile siku ya sita, na hata raundi zingekuwa ishirini nisingekuwa nacho. Nilijua tangu raundi ya pili. Ndiyo maana."

Lemuel alitazama ngumi yake kama kitu alichokiokota njiani, kisha akaifungua, akachukua koti, akavaa. Kifungo cha katikati kilimshinda mara mbili. Hakumtazama yeyote. Akatoka.

Enoch akajiinua kwa kushika mguu wa kiti, akamfuata bila kofia, nusu uso wake ukiwa bado na povu. Alimkuta kwenye ukingo wa barabara akisubiri kuvuka, kichwa amekigeuza sana kushoto ili jicho lake zima liione tramu inayokuja.

"Sijakusamehe," Lemuel alisema bila kugeuka.

"Sijakuomba."

"Wiki tatu baada ya Kansas City bado nilidhani jicho litapona. Nililifunika kwa kitambaa, kila asubuhi nafungua, naangalia dirisha."

Tramu ilipita ikiwatimulia vumbi, na nyuma yake magari mawili. Enoch alizunguka, akasimama upande wa kushoto wa Lemuel, ule usioona, na njia ilipokuwa nyeupe akasema, "Sasa." Lemuel alisita kidogo. Kisha wakavuka.