Shati la Baba

Mama alisimama mbele ya skrini, uso wake mkavu ukiuziba uso wake ule mwingine, mkubwa, uliokuwa ukilia nyuma yake.

"Hicho kipande kitoe," alisema.

Mjomba, mdogo wake wa mwisho, hakunyanyua macho. Magazeti yalimwita mwehu na mchafuzi wa maadili. Nyumbani tulimwita Mjomba, na maana haikupishana sana. Filamu zake mbili zilikuwa zimepigwa marufuku. Alikuwa na mtindo wake wa kuongoza: akisema "tunajaribu taa tu", ujue kamera imeshawaka. Waigizaji wazoefu wakisikia habari za taa walikimbilia poda. Mama hakuwa mwigizaji. Alikubali kucheza mjane kwenye filamu ya tatu, nami nikamtania kwamba yeye hahitaji mazoezi. Akacheka. Halafu Mjomba akampa shati akunje, wanajaribu taa tu. Lilikuwa la marehemu Baba. Jasho lake lilikuwa bado kwenye kola, na Mama akalia.

Sasa mhariri ni mimi, nimekaa katikati ya ndugu wawili kama godoro kati ya watu wanaogombana. Mjomba alieleza, akabembeleza, mwisho akapiga magoti: bila kipande kile hakuna filamu, na bila filamu hii hakuna atakayempa kamera tena maishani.

"Nipige tena," Mama akasema. "Safari hii nikijua."

Tukawasha taa mlemle chumbani, shati likaletwa. Mama akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Uso wake ulikuwa ukuta uliopakwa chokaa jana. Nyuma ya kamera Mjomba akavuta lenzi karibu na uso huo.

"Lia, dada. Nakuomba."

"Nilishalia. Na wewe ulikuwa unanitazama."

Nilitafuta utani, mimi ninayeupata hata msibani. Sikuupata.

Mjomba alizima kamera mwenyewe. Akaniambia nifute kile cha kwanza, niweke hiki, na akasimama begani kwangu mpaka nikamaliza. Pumzi zake zilinuka njaa.

Filamu haikupigwa marufuku. Magazeti hayakumtukana hata kwa mstari mmoja. Watazamaji walitoka wakiulizana kama mvua imekatika. Mjomba hajashika kamera tangu hapo. Siku hizi anapiga pasi mashati yake polepole mno, na ukimsalimia anaitikia baadaye.

Mama alikwenda kuitazama. Alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani, majina yote yakapita, mpaka mfagiaji akamwomba anyanyue miguu.