Waliozaliwa Siku Moja

Watu sitini na watatu katika kanzidata ya kliniki yetu walikuwa wamezaliwa siku moja, tarehe mosi Januari, mwaka elfu moja mia tisa. Nilihesabu mara tatu. Kisha nikapunguza mwanga wa skrini, kama mtu anayeficha barua isiyo yake.

Upande wa pili wa chumba Mzee Waya alikuwa akikoroga chai yake, mgongo kanipa. Walimwita hivyo kwa sababu mifukoni hakukosa vipande vya nyaya. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa mtu pekee aliyejua kompyuta za kliniki ile ya macho. Mimi nilikuwa na wiki tatu tu, na cheti ambacho wino wake haujakauka vizuri. Mapokezi walikuwa wameshanipa jina: Digrii.

Kazi niliyopewa niliipenda kuliko nilivyothubutu kuonyesha. Kila mara daktari alipotaka kujua jambo, nani apigiwe simu au nani arudi wiki ijayo, Mzee Waya alikuwa akiandika swali refu kwa kanzidata, mistari themanini au tisini, kisha analinakili kutoka faili moja hadi jingine na kubadilisha hapa na pale. Mimi nilipaswa kuandika vitendakazi saidizi, yaani vipande vidogo vya programu unavyoviita kwa jina, navyo vinakuandikia swali hilo refu bila wewe kuliona. Badala ya mistari tisini unaandika mmoja: wa_kuitwa, jicho lipi, watu wangapi. Basi. Niliamini kwamba siku moja hata karani wa dirishani angeweza kuiuliza mashine mwenyewe, bila kumsubiri mtu, na wazo hilo lilinifanya niwahi kazini kabla mlango haujafunguliwa.

Swali lililonipa shida ni lile la orodha ya upasuaji. Mara mbili kwa mwaka daktari bingwa alikuja na timu yake kwa siku sita, akafanya upasuaji wa mtoto wa jicho bila malipo kwa watu mia moja na ishirini. Waliokuwa wakisubiri ni zaidi ya mia tisa. Swali la Mzee Waya lilichagua watu wazima, kuanzia miaka kumi na minane hadi mia moja na kumi, kwa kufuata tarehe ya kujiandikisha. Hilo nililielewa. Lakini chini kabisa palikuwa na mstari mwingine, peke yake, usio na maelezo yoyote: au mwaka wa kuzaliwa uwe elfu moja mia tisa.

Machale yalinicheza. Nani ana zaidi ya miaka mia na ishirini? Na kama hayupo, ni nani hao sitini na watatu wanaopitishwa mlango wa nyuma?

"Mzee," nilimwambia, nikijitahidi sauti yangu iwe ya kawaida, "hili swali la upasuaji, mistari yote ina kazi?"

Hakugeuka. "Yote."

"Hata ile ya chini?"

Kijiko kilisimama ndani ya kikombe. "Kwani wao wamekutuma uulize?"

"Wao nani?"

"Mimi nakuuliza wewe."

Nikasema hakuna aliyenituma. Akanywa chai. Mazungumzo yakaishia hapo, lakini kwangu ndipo yalipoanza. Mtu asiye na la kuficha angejibu. Nikaanza kumwangalia. Niliona anavyotoka nje kupokea simu. Niliona anavyochapisha orodha, akaikunja mara nne na kwenda nayo nyumbani. Nikakumbuka maneno niliyoyasikia kwenye korido siku yangu ya kwanza, mwanamume mmoja akimwambia mke wake, "Hapa bila kujuana hata ukiwa kipofu huonekani." Nilikuwa nimeyapuuza. Sasa yalinirudia kila nilipofumba macho.

Ningeweza kwenda mapokezi kuuliza. Ni hatua ishirini tu. Sikwenda, kwa sababu niliona kwamba kama kuna mchezo, mapokezi nao wamo.

Nikaandika kitendakazi changu bila mstari ule wa chini. Umri kumi na minane hadi mia moja na kumi, nukta. Na kwa kuwa nilitaka usafi uwe wa kila mahali, nikaiweka kanuni hiyo kwenye kisaidizi kimoja ambacho vingine vyote vinakiita: cha kutafuta mgonjwa dirishani, cha kutuma ujumbe, cha ripoti ya daktari. Ndio uzuri wa visaidizi. Unarekebisha mahali pamoja, kliniki nzima inafuata.

Nilipolinganisha orodha mbili, ya zamani na yangu, watu kumi na tisa waliokuwa waitwe msimu huu walitoweka, na wengine kumi na tisa wakachukua nafasi zao. Jumla ilibaki mia moja na ishirini. Hakuna ambaye angegundua, nilijiambia, isipokuwa yule mwenye watu wake. Atakayelalamika ndiye.

Siku mbili baadaye Mzee Waya alisimama mezani kwangu na karatasi mkononi.

"Orodha hii umeitoa wewe?"

"Ndiyo."

"Kuna majina siyaoni."

"Kwani majina unayajua kwa kichwa, Mzee?"

"Baadhi. Yamekaa muda mrefu humu." Alinitazama kwa muda, naye pia kama anayenipima. "Wewe una ndugu kwenye orodha hii?"

"Mimi?"

"Ndiyo. Wewe."

"Sina. Wewe je?"

Akaikunja karatasi yake mara nne na kuondoka. Jioni hiyo niliandika barua kwa daktari mkuu. Nilitaja mstari, tarehe, idadi, na neno upendeleo mara tatu. Sikuituma. Nilitaka kwanza nimwone mmoja wa wale sitini na watatu.

Nilimwona siku ya nne ya upasuaji.

Karani wa dirishani ndiye aliyeniita, mwanamke mwenye sauti iliyofika hadi maegesho. "Digrii. Njoo huku. Mashine yako inasema huyu mama hajazaliwa."

Mbele ya dirisha alisimama mwanamke mwenye kamba ya kupimia shingoni, fundi cherehani, ambaye bila shaka alisahau kuivua alipotoka kazini. Ncha za vidole vya mkono wake wa kushoto zilikuwa na alama ndogondogo za sindano, nyingine bado nyekundu. Kadi yake ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi.

"Niliambiwa msimu huu nitaitwa," alisema. "Jirani yangu kajiandikisha nyuma yangu, kaitwa. Mimi simu imenyamaza. Nikasema labda namba imekosewa, nije mwenyewe."

Nikaitazama kadi. Ilikuwa na muhuri wetu. Kughushi muhuri si kazi ngumu, nikawaza.

"Nani alikuandikisha, mama?"

"Huyu hapa."

"Mimi," karani akasema. "Kwani kuna nini?"

"Kuna mtu ulimpa chochote ili uandikwe?"

Mama alifikiri kidogo. "Nilimpa jina langu."

Karani akacheka. Mimi sikucheka. "Na tarehe ya kuzaliwa?"

"Hiyo sikuwa nayo. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, hakuna aliyeiandika."

Nikageuka kwa karani.

"Wasiojua tunawaandikia mosi Januari elfu moja mia tisa," alisema, kama anayenieleza choo kiko wapi. "Mashine haikubali nafasi ile ibaki wazi, inakukatalia kuendelea, na foleni hiyo imefika mlangoni. Ungefanyaje?"

"Nani aliwaagiza?"

"Hakuna. Aliyekuwa hapa kabla yangu alinionyesha, na yeye alionyeshwa. Sote tunajua."

Sote. Yaani kila mtu jengo zima, isipokuwa mimi niliyekuja kusafisha.

Nilirudi mezani na kuandika swali refu kwa mkono, bila kisaidizi chochote. Fundi alikuwepo. Jina, namba ya kadi, macho yote mawili, amesubiri miezi ishirini na miwili. Nilikuwa nimemficha kila mahali kwa mpigo mmoja: kwenye orodha, kwenye ujumbe, hata dirishani. Zamani kosa la Mzee Waya lingebaki kwenye faili moja. Langu lilikuwa limesambaa kliniki nzima kabla ya chai ya saa nne.

Mzee Waya hakuwepo mezani kwake. Alikuwa kwa daktari mkuu, na nilipogonga, sauti ikasema, "Ingia, tulikuwa tunakuita."

Daktari mkuu alikuwa na karatasi mbili mbele yake. "Mwenzako anasema umeondoa wagonjwa kumi na tisa na kuingiza wako. Amekuwa akilinganisha orodha nyumbani kwake usiku. Nataka nikusikie wewe."

Nilimtazama Mzee Waya. Kumbe muda wote niliokuwa namchunguza, naye alikuwa ananichunguza, na katika sisi wawili yeye ndiye aliyekuwa na sababu.

Nikaeleza yote. Nilieleza hata barua ambayo sikuituma. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko mengine.

"Ulidhani nauza nafasi," Mzee Waya alisema. Hakuonekana amekasirika. Alionekana amechoka.

"Nilidhani hivyo. Lakini mstari ule haukuwa na maelezo, Mzee."

"Ningemwandikia nani? Miaka kumi na mitano nimekaa humo peke yangu." Akajikuna shingo. "Msimu wa kwanza niliwaacha nje kama wewe. Ndipo nikauongeza. Ulipouliza nikadhani wamekuleta unitoe, nikafunga mdomo. Ningesema maneno kumi tu."

"Nami ningetembea hatua ishirini tu," nikasema.

Daktari mkuu hakuwa na muda wa majuto yetu. Nafasi zote za siku mbili zilizobaki zilikuwa zimejaa, na waliozijaza hawakuwa na kosa. Huwezi kumwondoa mtu aliyeshaitwa akaja. Akampigia simu daktari bingwa. Waliongea muda mrefu. Alipokata alisema timu ingeongeza nusu siku, watu wanane, si zaidi.

"Nipe majina manane kati ya hao kumi na tisa," akaniambia. "Kwa haki."

Nilikaa mbele ya kompyuta. Niliurudisha ule mstari wa chini ndani ya kisaidizi, kisha nikaandika mstari mmoja, nacho kikaniletea wale kumi na tisa wakiwa wamepangwa kwa muda wa kusubiri. Fundi alikuwa wa kumi na moja.

Kioo cha dirisha kilikuwa wazi, nikamwona amekaa kwenye benchi, akipapasa uzi wa mfuko wake wa plastiki kutafuta fundo. Alilipita mara mbili kwa vidole bila kulipata. Nilijua kisaidizi changu kilikuwa na nafasi ya kuongeza namba ya kadi, kwa ajili ya dharura. Ningeweza kuiandika yake pale. Angepanda hadi wa kwanza na hakuna mashine wala mtu angeuliza. Mzee Waya alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui kama alikuwa ananilinda au ananisubiri.

Tatizo ni kwamba wa nane naye alikuwa na jina. Sikumjua anafanya kazi gani. Huenda naye alikuwa anachoma vidole mahali fulani.

Nikaondoa mkono kwenye kibodi, nikachapisha manane kama yalivyo, nikampa Mzee Waya ayahakiki. Akayasoma yote, kisha akayalinganisha na karatasi yake moja baada ya jingine. Wiki moja nyuma ningeona ananitukana.

Kisha nikatoka hadi kwenye benchi.

"Mama, jina lako lilikuwepo. Nililiondoa mimi."

Aliinua uso kuelekea sauti yangu. "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Niliona tarehe yako si ya kweli, nikadhani na wewe si wa kweli. Sikuuliza mtu."

"Basi nirudishe."

"Nimekurudisha. Lakini nafasi zilizopatikana ni nane, na kuna kumi waliokutangulia. Utaitwa msimu ujao, mwanzo kabisa."

"Miezi sita."

"Miezi sita, mama."

Karani alikuwa ameacha kupiga muhuri. "Nina sare za shule nzima za kushona," fundi alisema hatimaye. "Sasa hivi natunga uzi kwa ulimi na kubahatisha. Unajua miezi sita ni nguo ngapi?"

"Sijui."

"Hujui." Alilisema bila ukali, kama anayeweka kipimo kwenye daftari. "Na huo msimu ujao, nikija mashine ikasema hajazaliwa?"

"Haitasema. Leo tunabadilisha fomu. Asiyejua tarehe ataandikwa hajui."

"Hayo ni maneno. Wewe ndiye uliyenitoa, wewe ndiye unayeniambia nimerudi. Nikuamini kwa lipi?"

Akafungua mfuko, akatoa kadi na kuninyooshea. "Andika hapo. Andika ulichofanya, na lini nitaitwa, na uweke sahihi."

Niliandika nikiwa nimechuchumaa, kadi nimeiweka juu ya goti. Nilimrudishia. Aliisogeza karibu na jicho la kulia, kisha la kushoto, akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango, na kwa muda nikadhani anasoma.

Kisha akanyanyuka, akanipita, akainyoosha kadi dirishani kwa karani.

"Nisomee alichoandika," alisema. "Polepole, na usiruke neno."