Zulia Lililoonekana Miguuni mwa Enid

Hadithi hii nilipewa na Doreen, jirani yangu, mwaka juzi tukimenya njegere mlangoni kwake.

Jumanne moja asubuhi Enid Brayshaw, aliyekuwa mfumaji kiwandani mpaka kilipofungwa, alivaa sweta yake nzuri akamngoja Bi. Thwaite wa ofisi ya ustawi. Alitaka kitu kimoja tu: mtu wa kuja kila asubuhi kumnyanyua kitandani na kumwogesha. Hadi hapo aliyemnyanyua ni Doreen, na nyonga za Doreen zilikwisha kuchoka.

Miguu ya Enid ilikuwa ikipauka tangu Pasaka. Sasa ukiitazama chini ya magoti uliona maua ya zulia kupitia miguu yenyewe, kama kupitia kioo.

Bi. Thwaite alikunywa chai, akafungua fomu. "Unatembea, bibi?"

"Hardly, mpenzi," Enid akajibu.

Neno hilo la Kiingereza maana yake ni kwa shida mno, nusura isiwe kabisa. Mtaani kwao mtu hasemi siwezi mbele ya mgeni. Husema hardly, na jirani akisikia huenda kuchemsha supu.

"Basi unatembea," Bi. Thwaite akatia alama.

"Enid, mwambie hapana!" Doreen akafoka. "Hata chooni nakubeba kama gunia la viazi!"

"Nyamaza, Doreen. Unanitia aibu."

"Aibu gani tena, na zulia zima linaonekana?"

"Naliona," Bi. Thwaite akasema kwa upole. "Zulia zuri. Bibi yangu naye hujibu hivyohivyo. Lakini fomu ina ndiyo na hapana tu, na mtu asiyesema hapana mimi simsemei. Unaoga mwenyewe?"

Doreen aliiona hapana ikimpanda Enid kooni. Enid akaimeza pamoja na chai.

"Hardly."

Alama ikatiwa. Vidole vya Enid vikapauka, kikombe kikawa kama kinaelea. Bi. Thwaite akakipokea kisimwagike, akashukuru kwa biskuti, akaenda zake.

Baada ya wiki mbili barua ikaja: Bi. Brayshaw anajiweza. Doreen akaisoma kwa sauti, kisha akairudia kwa matusi.

"Usijisumbue na mimi," Enid akasema. Ilikuwa imebaki sauti na sweta.

"Nani kasema najisumbua? Inua mkono."

"Nimeinua."

Doreen akapapasa mpaka akaupata. Ulikuwa na joto. Akamwogesha kwa kukisia, akamketisha karibu na moto, akamfunika blanketi, nalo likalala kitini kama halina mtu. Mvua ya mchana ikinyesha, Enid akaanza kukoroma.

Nyonga zikamgomea Doreen. Akajishusha sakafuni, akijua hakuna wa kuja kumnyanyua, akaegemeza kichwa pale magoti yalipopaswa kuwa, naye akalala.