Zoezi la Kufunga Bustani

Geti la bustani ndogo nyuma ya kituo cha zimamoto lilikuwa limepigwa kufuli jipya, nene, la kufungia ghala. Matroni alilitazama, akaligusa, akalitikisa kidogo, akidhani labda litamtambua lione haya. Miaka yote aliyokuwa matroni wa bweni la wasichana hakuna kufuli lililowahi kumkatalia. Na sasa, juu ya hayo, alikuwa mwenyekiti wa bodi ya bustani na viwanja vya umma vya mji mzima. Kama kuna mtu ambaye geti hili lilipaswa kumfungukia bila maneno mengi, ni yeye.

Pembeni yake alisimama mumewe, Fundi Saa, mkono wa kulia umejikunja kifuani kama ulivyokuwa tangu kiharusi kimpige, viatu vya kutembelea vimefungwa kamba barabara. Mkewe ndiye aliyezifunga. Alizifunga kila asubuhi, na kila asubuhi mzee alitazama ukutani mpaka amalize.

"Kulikoni?" Matroni alimuuliza mlinzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua."

"Mama Mwenyekiti, sina ruhusa. Bodi imeifunga."

"Bodi gani?"

"Bodi yako, mama." Kisha mlinzi akamgeukia mzee, kwa uso wa mtu anayeleta habari njema. "Meneja ametueleza. Ni kwa usalama wa wagonjwa. Mama mwenyewe ndiye aliyekupigania, mzee wangu. Amesema usije ukaanguka tena."

Tangu Fundi Saa augue, maneno aliyatoa mojamoja, kama zamani alivyookota vipuri vya saa kwa kibano. Alimtazama mkewe, akamtazama sana, kisha akageuka akaanza kurudi nyumbani bila kungoja kushikwa. Barabara ilikuwa mbovu, mashimo matupu. Alikwenda kwa kuegemea kuta za watu, na Matroni akamfuata nyuma mikono mbele, hajui aseme nini, kwa sababu hata yeye mwenyewe alikuwa hajaelewa amefanya nini.

Juzi tu wajumbe wa bodi walikuwa na semina. Bodi ilikuwa mpya, na ikaonekana inafaa ifundishwe kazi yake kabla haijaanza kuharibu. Basi wajumbe walikusanywa katika chumba cha mikutano, chini ya feni inayolalamika, kila mmoja na chupa yake ya maji na beji yake kifuani. Mwezeshaji alikuwa mtanashati mmoja mwenye sauti laini, ambaye hajawahi kujibu swali tangu azaliwe. Ukimuuliza kitu, anakurudishia. "Swali zuri sana. Nyie wenyewe mnaonaje?"

Hata hivyo asubuhi ile aliwafundisha mambo ambayo Matroni aliyashika. Kwamba bodi huamua na meneja hutekeleza, na bodi isitie mkono jikoni kwa meneja. Kwamba mwenyekiti akiwa peke yake si bodi. Ni mwananchi kama wananchi wengine, hawezi hata kuamuru ua lihamishwe kutoka chungu hiki kwenda kile. Kwamba mwenye maslahi yake katika jambo hutoka nje wenzake waamue. Matroni alisikiliza akashangaa. Bweni lake asingeliendesha hivyo hata siku moja. Lakini Meneja, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, macho yalimng'aa. Mwenyekiti aliyetangulia alikuwa akimpigia simu hata akiwa msalani kumwelekeza wapi pa kumwagilia maji. Kwa Meneja, semina ile ilikuwa ukombozi.

Mchana Meneja aliitwa haraka kwenye bwawa la kuogelea, bomba limepasuka. Na alipokuwa huko, Mwezeshaji akatangaza zoezi: bodi ijifunze kujadili hoja ngumu. Akataka mfano wa kweli, ili watu waone uchungu wa kuamua. Mjumbe mmoja, mwanasoka wa zamani aliyeitwa Winga mpaka na wajukuu zake, akasema, "Chukua ile bustani ndogo nyuma ya zimamoto. Tuifunge au tusiifunge?" Basi waliokaa upande wa dirishani wakapewa kutetea ifungwe, waliokaa ukutani wakatetea ibaki. Matroni alikuwa amekaa dirishani kwa sababu ya joto. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Alianza kwa kubabaisha. Akasema kuhusu taa, kuhusu vichaka. Mwezeshaji akamtia moyo, "Leta kitu kutoka moyoni, mama." Hapo ndipo ulimi ulipofunguka. Alisema mume wake hutembea humo kila asubuhi, akishika lile bomba la chuma lililozunguka njia, na siku moja aliliachia karibu na mfereji akaanguka kifudifudi, na yeye alikuwa amechelewa hatua moja tu. Alisema wagonjwa wanajidanganya humo kwamba wamepona. Alisema mtu akitaka kutembea, na atembee na mke wake, na watoto wake, wamshike. Bustani si mke. Sauti ilimtetemeka. Mikono ikapanda, hata ya upande wa ukutani, na Matroni akagonga meza kwa kinyundo cha mbao akasema, "Imepita!" Wakapiga makofi. Winga alifuta machozi.

Mlangoni, suruali imelowa mpaka magotini, alikuwa amesimama Meneja.

"Lakini lilikuwa zoezi!" Matroni alimwambia sasa, amesimama mbele ya meza yake ofisini, bado anahema kwa ngazi.

Meneja alimvutia kiti kwa heshima zote. "Mama Mwenyekiti, mimi ningejuaje? Nimekuta mikono iko hewani. Nimesikia kinyundo. Nikasema moyoni, hatimaye tumepata bodi inayoamua."

"Basi nakwambia, fungua."

"Wewe nani, mama? Samahani sana, sikuvunjii heshima. Wewe kama mwenyekiti peke yako, au bodi?"

Matroni alikumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeitikia kwa kichwa lile somo lilipotolewa. Alimtazama Meneja kwa makini, akitafuta kejeli usoni mwake, asiione. Mtu yule alikuwa anamtii kwa moyo wake wote, na utii huo ulikuwa umemfungia geti.

Akampigia Winga. Winga akasema, "Kwani lilikuwa zoezi? Mimi kule mwisho nilijua tumeshaingia kwenye kazi." Akampigia Mwezeshaji. Mwezeshaji akasikiliza yote kwa upole, kisha akasema, "Kimsingi, mama, hii ni changamoto nzuri. Wewe unaonaje?" Matroni alikata simu kabla hajamtukana mtoto wa watu. Mwisho Meneja akakubali kuita kikao cha dharura, wiki ijayo, wajumbe wakipatikana. Matroni akashuka ngazi, hajui amshukuru au amkabe.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi yenyewe.

Fundi Saa alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, viatu bado miguuni. Matroni alipoingia, mzee alinyoosha mkono mzima.

"Nishike," akasema.

"Unakwenda wapi?"

"Maji."

Jagi lilikuwa mezani, karibu naye kabisa. Matroni akamshika, wakaenda, akanywa, wakarudi. Baadaye ikawa, "Nishike," mpaka mlangoni. "Nishike," mpaka kitandani. Mtu aliyekuwa akinuna akiguswa kiwiko sasa hanyanyuki bila mkewe. Na aibu ya mambo ni hii: siku ya kwanza Matroni aliona raha. Aliona raha, akasema kimoyomoyo kwamba afadhali, sasa naweza kulala. Uzito wa mwili ule kwenye bega lake aliuzoea tangu ujana wao, na alikuwa ameukosa.

Siku iliyofuata raha ile ilianza kumkera. Iliyofuata, ilimtisha. Mguu wa mzee, ambao bustanini ulikuwa umeanza kunyanyuka, sasa uliburuzwa sakafuni kama mfuko. Alimnyoosha viungo, hakukataa. Alimwambia watembee uani, akasema, "Nishike," na alipomwachia kidogo kumjaribu, akasimama palepale kama nguzo, akimngoja. Matroni alikwenda jikoni akalia huku bomba la maji limefunguliwa, asisikike.

Alipotoka alivuta kigoda akakaa mbele yake.

"Baba watoto, sema basi. Nitukane hata kidogo."

Mzee alifikiri. Alikuwa anaokota maneno, na Matroni akajilazimisha asimwokotee.

"Kule," alisema mwishoni. "Ulikuwa. Unaigiza?"

Jibu lilikuwa rahisi, na Matroni alikuwa amelibeba tangu getini: ndiyo, zoezi tu, nilikaa dirishani kwa sababu ya joto. Lakini alitoa jingine.

"Mwanzo niliigiza," alisema. "Mwisho, sijui. Kweli sijui, baba. Naogopa ukianguka. Na naogopa... Ile siku uliyoniambia nibaki getini uzunguke peke yako, nilikasirika wiki nzima. Nikajiuliza, sasa mimi nina kazi gani?"

Fundi Saa alimtazama kama alivyokuwa akiitazama saa iliyokataa kutembea, bila hasira, akitaka kujua tu imekwama wapi.

Siku ya kikao wajumbe walitimia. Matroni alifungua kikao, akasema bustani ilifungwa kwa makosa, lilikuwa zoezi, sasa anaomba tu waifungue waende zao nyumbani. Alidhani ni jambo la dakika chache. Winga akanyoosha mkono.

"Mama Mwenyekiti, kwa heshima. Bustani hiyo si ndiyo mzee wetu anatembea?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi una maslahi. Tulifundishwa."

Watu wakaitikia kwa vichwa, wote, kwa huzuni ya watu wanaofuata utaratibu. Matroni akajikuta korido, kwenye benchi gumu, chini ya picha za wenyeviti waliopita, kila mmoja akimtazama kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Kupitia mlangoni alisikia sauti zikipanda na kushuka. Alijaribu kuomba, akagundua hajui anaomba nini: geti lifunguliwe mzee atembee, au lisifunguliwe abaki begani kwake. Aliomba yote mawili, moja baada ya jingine, akaona aibu akaacha.

Kikao kilichukua muda mpaka Winga akatoka anajifuta jasho.

"Imefunguliwa, mama. Lakini tumehangaika! Kuna mjumbe kila tukitaka kupiga kura anasimama kurudia yale maneno yako. Mgonjwa ashikwe na watu wake, bustani si mke. Tumekosa la kumjibu."

"Sasa mmemjibuje?"

"Hatukumjibu. Tumempigia kura akashindwa." Winga akacheka, kisha akaacha kucheka alipomwona uso. "Mama, hujafurahi?"

"Nimefurahi," alisema Matroni, na machozi yaliyomtoka hakujua ni ya upande gani, wa dirishani au wa ukutani.

Asubuhi yake waliondoka nyumbani mapema. Njiani mzee alimshika bega, barabara ni mbovu, hilo halina mjadala. Mlinzi alifungua geti kwa madaha, akaweka kufuli mfukoni. Fundi Saa aliachia bega la mkewe, akashika bomba la chuma, baridi, limelowa umande. Hakuomba chochote. Alimwonyesha tu kwa kidevu benchi lililokuwa getini.

Matroni akakaa. Akaweka mikono mapajani, ikamshinda, akaikalia. Mzee alianza kuzunguka. Mguu uliburuzika, ukaburuzika tena, kisha ukanyanyuka kidogo. Alipita vichaka. Alipita taa. Alikuwa anakaribia mfereji, pale pale, na Matroni aliona bega lake la kushoto likishuka, akaona kiganja kikiteleza kwenye bomba, mwili wote ukiinama mbele.

Kiganja kikashika. Mzee akaning'inia kidogo, akajivuta, akasimama. Alibaki amesimama hapo akihema, mgongo kwake. Kisha akageuza shingo polepole, kutoka upande ule wa bustani, kumtazama.

Matroni alikuwa amesimama. Hakukumbuka kunyanyuka. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka geti.

"Kaa," Fundi Saa alisema.

Neno lilitoka zima, bila kuokotwa. Matroni alirudisha mguu, akakaa.