Alilipa Bila Kuruka Mwezi

Kuna watu wana kipaji cha kukuibia huku wakikupongeza. Gichuki, mwakilishi wa kampuni ya mikopo, alikuwa mmoja wao. Aliwakuta Marthe na mumewe Ruphin kwenye korido ya ofisi ya usuluhishi, katikati ya Johannesburg, akawapa mkono kwa adabu zote, suti imemkaa, manukato yamemtangulia. Akawasemesha kwa Kiswahili cha kwao Nairobi, kilicholainishwa kama uji wa mgonjwa.

"Dada, sisi wote ni wageni huku. Mbona tuanikane mbele ya wenyeji? Kampuni itakupunguzia kidogo, tumalize haya mambo chini ya maji."

"Kupunguza si kurudisha," Marthe akamjibu. "Miye nadai feza yangu."

Marthe alikuwa mshona sare katika kiwanda kimoja cha Fordsburg. Miaka miwili nyuma, mdogo wa Ruphin alifia hapa, na mwili ukabidi urudi kwao Likasi, Congo, maana hakuna mama atakayekubali kutumiwa picha ya kaburi. Kampuni ilimpa Marthe mkopo upesi kuliko mtu anavyouziwa mkate. Hakuna aliyemuuliza analipa kodi ya nyumba kiasi gani wala analisha watoto wangapi, ingawa sheria inawataka waulize. Walitazama karatasi ya mshahara, wakatabasamu, wakamwonyesha pa kusaini.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi walikata chao benki kabla Marthe hajagusa hata senti. Kilichobaki kilikwenda kwenye chumba chao cha Berea, kikaishia hapo. Ruphin, mlinzi wa maduka, alipata zamu za kubahatisha tu. Sasa hata chumba kilikuwa kinawaponyoka. Mwenye nyumba alishawapa notisi. Kama makato yasingekoma na riba waliyonyonywa isingerudi, wangelala nje na watoto watatu.

Ndani, msuluhishi, mama wa makamo mwenye miwani, alimpa Gichuki nafasi ya kwanza. Gichuki akabadili lugha, akashika Kiingereza chake cha ofisini.

"Huyu mama amelipa karibu miaka miwili bila kuruka mwezi hata mmoja," alisema. "Mtu aliyeshindwa na mkopo hulipa hivyo? Ni mteja wa kupigiwa mfano."

Damu ilimpanda Marthe kichwani. Mfano! Wao wenyewe ndio waliokuwa wakitia mkono mfukoni mwake kila mwezi, na leo wanamsifu kwa kuwa na mfuko.

"Mama Marthe," msuluhishi akauliza, "baada ya hayo makato, mlikuwa mnakula nini?"

Swali hilo ndilo lililowagombanisha tangu jana. Ruphin alikuwa amemwambia wazi: "Sema yote, lakini mambo ya kula uache. Miye ni mwanaume. Usinivue nguo mbele ya bantu." Marthe alikataa kumwahidi. Sasa alimtazama mumewe, akamkuta ameinamia sakafu. Akakaza roho. Kiingereza chake cha kiwandani kilimtosha kabisa.

"Tulikuwa tunakula kwa watu," alisema. "Kwetu, mtoto akikukuta mezani humuulizi amefuata nini. Unamnawisha mikono, anakula. Basi nilingoja nisikie harufu ya mafuta kwenye korido ya jengo letu, nikawatuma wanangu wakamsalimie jirani, Mama Arlène. Kesho yake wakamsalimie Mama Gaëlle. Niliwafundisha watabasamu. Niliwafundisha waseme wameshiba, ili wakaribishwe mara ya pili. Niliwafanya wanangu ombaomba wenye adabu, ili huyu bwana alipwe kwa wakati!"

Hakulia. Alitamani kuipindua ile meza. Gichuki, ambaye bila shaka kwao pia mtoto hunawishwa mikono, alianza kupekua simu yake.

Msuluhishi alivua miwani. Akamtaka Gichuki aonyeshe ni wapi kampuni ilimuuliza huyu mama matumizi yake kabla ya kumkopesha. Gichuki akakohoa, akaomba dakika chache atoke nje apige simu. Aliporudi alikuwa na toleo jipya: deni lililobaki lifutwe, riba na ada zote zirudishwe, hela iingie Ijumaa.

Marthe alipiga hesabu. Kodi hiyo, na zaidi ya kodi.

"Sharti ni moja tu," Gichuki akaongeza, akiwasogezea karatasi. "Nyinyi wawili msimwambie mtu. Si kanisani, si pale mnapoishi. Ni utaratibu wa kawaida."

Utaratibu! Nusu ya akina mama wa jengo lao walikuwa wamekopa palepale, kwa tabasamu lilelile. Marthe alichukia hadi meno yakamuuma. Lakini alijua Ruphin atasaini tu, maana siri ndiyo aliyokuwa akiililia tangu jana. Na kweli Ruphin aliishika kalamu.

"Mama Arlène alikopa kwenu," akasema taratibu, kwa Kiswahili. "Yeye nitamwambia nini?"

"Usimwambie kitu, kaka."

Ruphin akaiweka kalamu chini, akamgeukia mkewe.

Msuluhishi aliwaonya kwamba wasiposaini, kesi itakwenda kwenye baraza la juu, na huko ni kusubiri miezi. Marthe aliifikiria ile notisi. Kwa kitambo alimchukia hata mumewe, aliyechagua siku hii hii kuwa mwanaume wa maana. Halafu akaona jinsi Gichuki alivyokwisha kuchomoa kalamu yake mwenyewe ya kusainia, kana kwamba wameshakubali. Marthe akaisukuma karatasi hadi ikaanguka upande wa pili wa meza.

Ruphin alitoa simu palepale.

"Mama Arlène, uko saluni na bamama ya jengo? Weka haut-parleur, sauti itoke inje. Bamama bote basikie."

"Kaka, ngoja kwanza," Gichuki alisema, akisimama.

Ruphin hakungoja. Aliipandisha sauti.

"Ni miye Ruphin, bwana ya Marthe. Mwaka muzima batoto yangu balikuwa banakuya kwenu. Haikuwa salamu, bamama. Ilikuwa njala. Sasa munisikilize, niwaambie ile chakula yenu ilienda kwa nani."