Vichupa vya Pilipili

Penina alikitambua kichupa kabla hajakaa. Kilikuwa katikati ya meza ya mchungaji, kando ya sinia la ndizi, kimejaa pilipili ya kusaga. Meza ya pili ilikuwa na kingine. Ya tatu, kingine. Wageni wa kipaimara walikuwa wanavikung'uta juu ya nyama ya mbuzi na kusifu.

Alikitwaa cha mchungaji bila kuomba radhi, akakigeuza. Pale palipokuwa na lebo pamebaki alama ya gundi.

Shemeji yake Eliud alikuwa jikoni nje, anachoma nyama.

"Eliud, vichupa hivi umevitoa wapi?"

"Stoo, shemeji. Usijali, nimeviosha kwa maji ya moto na sabuni. Hata mimi nina akili."

"Vilikuwa na nini ndani?"

"Vinyama vyako vile. Na spiriti yake, Mungu akubariki! Mkaa ulilowa na mvua ya jana, bila ile spiriti tungekula saa ngapi?"

"Vinyama viko wapi?"

Eliud alinyoosha koleo kuelekea migomba.

Penina alipiga magoti kwenye takataka na kitenge chake kipya. Kuku walikwisha kupita. Aliokota alivyoweza: ncha za vidole vya vyura, zimenyauka kama mbegu za nyanya kwenye jua, zote zimechanganyika.

Alikuwa fundi wa maabara mjini. Kwa misimu miwili ya mvua, kila likizo, alipanda mpaka kwenye vijito vya juu ya shamba la wakwe zake. Kila chura aliyemkamata alimkata ncha ya kidole kimoja, akamwachia. Sampuli zilikwenda Morogoro kwa daktari mmoja wa chuo aliyetaka kujua vyura wa Mlima Meru wametoka wapi. Je, walifuata misitu kutoka Kilimanjaro, zamani nchi ilipokuwa na unyevu? Au walikuwapo hapa siku zote, nyanda zikakauka pande zote, mlima ukabaki kama kisiwa? Kipimo cha kwanza kilimshtua daktari. Vyura wa chemchemi moja, hii ya hapa juu, vinasaba vyao vilikuwa vimeachana na vya majirani zao zamani mno. Akaomba sampuli zaidi, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi.

Penina alizipata, akazihifadhi stoo ndani ya spiriti. Kisha chemchemi ikajengewa zege, mabomba yakashuka kijijini, watu wakapiga vigelegele. Zilizokuwa stoo ndizo za mwisho.

"Mama Magreth, inuka," alisema mama mkwe wake, Tabitha, amesimama nyuma yake. "Wageni wanatazama."

"Watazame." Alimwonyesha kiganja. "Mama, hiki kimetoka chemchemi au kijito cha chini? Niambie. Mimi sijui. Sasa hakuna anayejua. Pakipotea mahali kilipotoka, ni kitoweo tu."

"Ni vyura, mwanangu. Mlima umejaa vyura."

"Si hawa."

"Na leo ni siku ya binti yako."

"Ndiyo, ni ya binti yangu! Na katika nyumba nzima hakupatikana mtu mmoja wa kuniuliza?"

Eliud akadakia kutoka jikoni, kwa sauti ya kusikika mpaka meza kuu. "Shemeji, kesho nakuletea gunia zima. Uwakate vidole mpaka uchoke!"

Watu walicheka. Hata mchungaji alitabasamu, kidogo, kwa adabu.

Penina aliingiza vipande mfukoni. Akaenda mpaka jikoni, akafungua kichupa, akamwaga pilipili yote juu ya makaa.

Moshi ulimpiga Eliud usoni. Aliangusha koleo, akarudi nyuma anakohoa, machozi yanamtoka. Moshi ukatambaa chini ya turubai, wageni wakaanza kupiga chafya, meza moja baada ya nyingine. Hakucheka mtu.

"Umerogwa?" Eliud alifoka.

"Geuza nyama yako. Inaungua."

Akachukua njia ya mlimani, kichupa kitupu mkononi.

Magreth alimfikia kwenye kona ya mwisho ya migomba, gauni jeupe amelishika mkononi, kitu amekificha kwenye kitambaa chake cha kichwa. Penina aligeuka.

"Rudi. Sherehe ni yako."

"Bibi amesema hivyo hivyo." Alifunua kitambaa. Ilikuwa chupa ya pombe kali, imebaki nusu. "Baba mdogo aliificha nyuma ya gunia la mkaa."

Penina aliitazama ile chupa. "Ni hafifu kuliko spiriti."

"Itahifadhi sampuli mpaka Jumatatu, ukirudi maabara?"

Penina aliipokea. Walipanda pamoja.

Chemchemi ilikuwa sanduku la zege lenye mfuniko wa chuma na kufuli. Chini yake, bomba la maji ya ziada lilitiririka kwenye majani. Penina alikiosha kichupa pale, akakinusa, akakiosha tena. Bado kilinuka pilipili.

"Mama, wale salamanda wa kitabuni, kama vyura wenye mikia," Magreth alisema. "Ulisema hawakufika huku."

"Kusini mwa Sahara hawapo. Asili yao ni kaskazini, na jangwa halipitiki kwa mnyama mwenye ngozi ya unyevu."

"Na vyura wetu? Wanaweza kupita kutoka ndani ya zege mpaka hapa?"

Manyunyu yalianza. Kule bondeni, spika za sherehe zilizimwa ghafla, pengine kwa mvua. Magreth alivua viatu vyeupe, akaviweka juu ya zege, akaingia majini. Alisimama bila kutikisika, gauni limekunjwa magotini, uso ameuelekeza kwenye mdomo wa bomba, akingoja chura. Penina alichuchumaa pembeni yake, kichupa wazi mkononi, na mvua ikaanza kudondokea ndani yake.