Maji Yaliyovuka Barabara

Alfajiri, kabla jua halijatoka, mjane alimwaga ndoo ya kwanza kwenye mstari wa maharage. Maji yalikaa juu ya ardhi kama chai kwenye sahani. Yalizunguka kidogo yakitafuta pa kuingilia, yakakosa. Kisha yakajikusanya, yakainuka kimo cha mbuzi, yakaelekea barabarani. Yalisimama ukingoni kupisha lori la kokoto, yakavuka, yakapita chini ya geti la shemeji yake na kuzama kwenye shamba lake bila kelele.

"Leo yamewahi," alisema fundi baiskeli, akifungua kibanda chake pale kando.

"Jana nilichelewa kuamka."

"Lakini hata salamu hayatoi. Maji ya siku hizi!"

Mjane alishika ndoo tupu akarudi bombani. Kwenda na kurudi ni nusu saa.

Marehemu mumewe alikuwa mtu wa udongo. Kwa miaka ishirini na miwili alizika samadi na majani makavu katika shamba lile, na mvua ikinyesha hakuruhusu mtu akanyage. Hata mama yake mzazi alizungushwa kwa nje. "Mnauziba pumzi!" alifoka. Udongo ukawa mweusi, wa chengachenga, umejaa vijitundu vya minyoo. Ukiupa maji unakunywa taratibu, na wiki nzima mizizi inakuta akiba.

Halafu akalazwa. Mjane alilala wiki tatu kwenye benchi la wodi. Siku aliyorudi, yeye kwa miguu na mwenzake ndani ya sanduku, alikuta shamba limeshuka kina cha goti. Shemeji alikuwa ameleta tingatinga na malori, akaukwangua udongo wote, akautandaza kwake juu ya kifusi. Kilichobaki ni mfinyanzi mwekundu wa chini, umeshindiliwa na magurudumu mpaka jembe likigonga linarudi.

"Ardhi sijaigusa, shemeji," alimwambia palepale msibani, sahani mkononi. "Nenda kahesabu mawe ya mipaka."

Mawe yalikuwa manne, kila moja mahali pake.

Mjane alishtaki kwenye ofisi ya ardhi. Ofisi ikamtuma mpima udongo, mzee mwenye mkoba wa chupa, aliyekuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Alilowesha udongo wa mjane kiganjani, akauviringisha ukawa uzi mrefu usiokatika. "Huu ungefaa vyungu," alisema. "Maharage yatanyauka huku maji yamesimama juu."

"Hayasimami. Yanakwenda kwa shemeji."

"Nimeyaona. Nimeyapisha njiani."

Alitia udongo wa mjane na wa shemeji kila mmoja kwenye chupa yake, akaongeza maji, akazitikisa, akaziacha barazani mpaka kesho yake. Chupa ya mjane ilibaki tope jekundu lisilotaka kutulia. Ya shemeji ilijipanga vizuri: mchanga chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi kidogo juu. Na juu ya mfinyanzi palikuwa na alama ya wayo wa kulia, mdogo kama tende, usio na kidole cha mwisho.

"Nani hana kidole hiki?"

"Mume wangu. Alijikata na jembe mwaka tuliooana."

Mpima aliupima wayo kwa rula, akaandika.

Ofisini, bwana ardhi alisoma ripoti mpaka mwisho. "Hati inasema urefu na upana," alisema. "Kina hakimo. Kiwanja chako kimetimia, mama."

"Na wayo?"

"Wayo hatuutambui. Ingekuwa dole gumba, tungezungumza."

Shemeji naye alikuwa na malalamiko: maji yanaingia kwake bila hodi na kuweka tope getini. Hilo liliandikwa kwa wino mwekundu.

Nje, mjane alimuuliza mpima afanye nini.

"Samadi. Majani. Usiukanyage ukiwa umelowa."

"Mpaka lini?"

"Marehemu alitumia muda gani?"

"Miaka ishirini na miwili."

"Basi unajua."

"Mimi nina sitini na mmoja."

Mpima alikaza kifuniko cha chupa ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Mwezi uliofuata walikuja mafundi wa barabara. Walichora mistari myeupe kutoka shamba la mjane hadi getini kwa shemeji, maji yavuke bila kusababisha ajali, na pale getini wakamwagia zege. Madereva walizoea. Maharage ya shemeji yalipanda ukuta yakachungulia nje. Ya mjane yalitoa majani mawili mawili, yakaishia hapo.

"Si uache tu kumwagilia?" fundi baiskeli alimuuliza. "Unamlimia mwizi."

"Nikiacha, mume wangu atakunywa nini?"

Fundi aliinamia gurudumu lake.

Wakati wa mavuno shemeji alimtuma mkewe na kikapu cha maharage mabichi. Chini yake kulikuwa na kikaratasi: "Shemeji, jua la wiki hii ni kali. Ongeza ndoo mbili."

Mjane alimimina maharage kwenye sufuria, akamrudishia mke wa shemeji kikapu chake. Kesho yake aliamka mapema zaidi, akabeba ndoo mbili za ziada.